Liundeni, Ila Msiliite Corvette

Mwaka 2006 nilirudi nyumbani likizo nikiwa na daftari la mashairi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimeshaisoma Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mara tatu, na kama vijana wengi wa darasa langu niliamini kwamba vina na mizani ni pingu tu. Nikamsomea baba shairi langu moja refu, lisilo na kina hata kimoja. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na usiku akilala njiani alikuwa anatunga tarbia. Chache zilisomwa redioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maneno yako mazuri. Endelea kuandika, mwanangu. Ila hiki usikiite shairi."

Bora angesema ni kibaya. Kibaya kinarekebishika. Lakini ukimwambia mtu kwamba kazi yake ni nzuri ila haistahili jina aliloipa, unamwacha hana pa kushika.

Niliikumbuka kauli ile mwaka 2019, na safari hii ilitoka mbali: Marekani, kwa watu waliokuwa wakibishana juu ya gari. Tarehe 18 Julai 2019, mjini Tustin, California, ndani ya banda kubwa lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuhifadhi puto za kijeshi, kampuni ya Chevrolet ilionesha Corvette ya kizazi cha nane. Wakati huo gari lenyewe lilikuwa halijaanza kuuzwa. Lilitarajiwa kuanza kuundwa mwishoni mwa mwaka huo. Maana yake karibu wote waliolibishania walikuwa hawajalikalia, mimi nikiwemo. Lakini ugomvi ulikuwa umeshawaka, na upande mmoja ulirudia kauli ileile ya baba: gari zuri, liundeni, ila msiliite Corvette.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza gari la Wamarekani linatuhusu nini sisi watu wa vitabu. Jibu langu ni kwamba huu si ugomvi wa mafundi. Ni ugomvi wa wahakiki ambao hawajijui kuwa ni wahakiki. Wanabishania umbo na jina: kitu kikibadilishwa mwili, ni kitu kilekile au ni kingine kilichovaa nguo za marehemu?

Kwanza tuelewe kosa lenyewe. Tangu mwaka 1953 hadi kizazi cha saba, kila Corvette iliyouzwa dukani ilikuwa na injini mbele ya dereva. Ndiyo maana ilikuwa na ile pua ndefu ambayo hata mtoto akiichora huanza nayo. Hii mpya imeihamisha injini: imekaa nyuma ya viti viwili, mbele ya ekseli ya nyuma. Hivyo ndivyo wanavyofanya Ferrari na Lamborghini katika magari yao mengi makali. Ukifungua boneti la mbele hukuti injini, unakuta nafasi ya begi.

Kwa nini mtu ajisumbue kuhamisha injini? Wakumbuke wauza maji wa zamani, waliobeba madebe mawili kwa mzega, moja mbele na moja nyuma. Mtu wa mzega akifika kwenye kona ya kichochoro lazima apunguze mwendo, maana mwili ukigeuka madebe bado yanataka kwenda yalikokuwa yanakwenda, na akishageuka yanataka kuendelea kuzunguka. Sasa mwambie maji yaleyale ayakumbatie kifuani. Uzito haujapungua hata tone, lakini kugeuka kumekuwa kwepesi. Injini ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote ndani ya gari, na ikikaa katikati gari linakata kona kama yule aliyekumbatia maji. Kuna na la pili. Gari likiondoka kwa nguvu, uzito unarudi nyuma. Abiria yeyote wa daladala analijua hilo kwa shingo yake. Injini ikiwa jirani na magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, inayakandamiza chini yakamate lami badala ya kuzunguka bure. Mwaka 2019 Chevrolet walisema gari hili, likiwa na vifaa vyake vya mbio, linatoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa ndani ya muda usiofika sekunde 3. Nguvu yake wakati huo ilikuwa farasi 495.

Kwa hesabu tupu, basi, hakuna kesi. Ila watu hawapendi magari kwa hesabu.

Ukiwasikiliza vizuri, utaona hawa wapenzi wa Corvette wamegawanyika zaidi ya mara mbili. Wapo wa jina, hao niliowataja. Kwao Corvette ni injini ya V8 iliyo mbele, na wewe dereva umekaa nyuma kabisa, karibu juu ya magurudumu, pua imetanda mbele yako kama mtumbwi. Hapa kwetu ukisema V8 watu wanaona shangingi la mkubwa likipita na kuacha vumbi. Kule, kwa watu hawa, V8 ni sauti ya utotoni, ni gari la jirani aliyerudi kutoka jeshini. Ukiihamisha injini umehamisha kumbukumbu yao. Kwa miaka mingi walitumaini kwamba gari la injini ya katikati, kama ni lazima liwepo, litakuwa la pili, pembeni ya Corvette ya kawaida, na lipewe jina lake. Jina lililotajwa sana ni Zora.

Wapo waliongoja. Hao wanasema gari hili limechelewa karibu miaka 60, na wana ushahidi, nitaueleza. Wapo wa sura, wanaosema kwa nyuma limejaa mikato na matundu, na kwa ubavuni ukilifunika nembo utadhani ni la Waitaliano. Wapo wa bei: wengine walifurahi kwamba mwaka 2019 lilitangazwa kuanzia chini ya dola 60,000, wengine walisema ngoja, hiyo ni bei ya chambo. Halafu wapo wa klachi. Hawa ndio wenye huzuni ya kweli, kwa sababu gari hili haliuzwi kabisa na gia za mkono. Lina gia nane, zinabadilishwa na mtambo wa klachi mbili unaojiendesha wenyewe. Dereva akitaka kujisikia anaendesha anabonyeza vidude nyuma ya usukani. Pedali ya tatu haipo.

Turudi kwa waliongoja, maana wao ndio wenye hadithi nzuri kuliko wote.

Zora Arkus-Duntov alizaliwa Brussels mwaka 1909, wazazi wake Warusi. Akakulia Urusi, akasomea uhandisi Berlin, vita vikamfukuza Ulaya, akaishia New York. Januari 1953 aliiona Corvette ya kwanza kwenye maonesho katika hoteli ya Waldorf Astoria, akaipenda, na mwaka huohuo akaajiriwa na General Motors. Hakuibuni yeye, iliyobuniwa ilitoka kwa Harley Earl na watu wake. Lakini yeye ndiye aliyeichukua kutoka kuwa gari la kutembelea ufukweni akaifanya gari la mashindano, na wapenzi wake wanamwita baba wa Corvette. Akiwa tayari mwajiriwa wa General Motors, alikwenda Le Mans mwaka 1954 na 1955 na kushinda katika daraja lake akiwa kwenye Porsche 550. Na Porsche 550 injini yake ilikuwa katikati.

Unaona alichokiona. Mwaka 1960 akaunda gari la majaribio, CERV I, injini nyuma ya dereva. Mwaka 1964 CERV II. Mwaka 1970 Chevrolet wakaonesha XP-882 mjini New York, na watu wakadhani sasa kazi imekwisha. Haikuwa. Kila mara wakubwa walisema gharama ni kubwa, na hii ya mbele bado inauzwa vizuri, ya nini kuhangaika? Duntov alistaafu mwaka 1975 bila kuiona. Alifariki mwaka 1996, na majivu yake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Corvette, Bowling Green, Kentucky, mji uleule gari linapoundwa.

Ni hadithi inayogusa, nami imenigusa. Lakini mhakiki akiguswa ndipo anapotakiwa kuwa macho. Waliongoja wameigeuza hadithi ya Duntov kuwa hirizi. Ukiwaambia hulipendi gari, wanakujibu kwamba mzee aliliota. Sasa hiyo ni hoja gani? Mzee anaweza kuota vibaya. Wa upande wa pili nao wana wazee wao: baba aliyenunua Corvette yake ya 1967, babu aliyekuwa na picha ukutani. Kila upande umekimbilia makaburini kutafuta shahidi, na shahidi wa makaburini ana faida moja kubwa, hajibu maswali.

Kwa hiyo nikaamua kuwaacha wazee wapumzike, nikasoma orodha ya malalamiko ya zamani. Hapo ndipo mambo yalipopendeza.

Corvette ya kwanza kabisa, ya mwaka 1953, ziliundwa 300 tu, zote nyeupe. Injini yake haikuwa V8. Ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Na gia zake? Otomatiki, za hatua mbili. Ndiyo, umesoma sawasawa. Gari ambalo leo watu wanalia kwamba limekosa klachi lilizaliwa halina klachi. V8 ilikuja mwaka 1955, na gia za mkono zikaja mwishoni mwa mwaka huohuo. Yaani "asili" inayotetewa kwa machozi iliingia miaka miwili baada ya asili yenyewe.

Endelea. Mwaka 1963 kioo cha nyuma kiligawanywa katikati na bapa la bodi. Duntov mwenyewe alikichukia, maana dereva alikuwa haoni nyuma, na mwaka 1964 kikaondolewa. Leo Corvette ya 1963 yenye kioo kile inatafutwa kwa tochi. Mwaka huohuo wa 1963 ndipo zilipoanza taa za mbele zinazojificha. Zilipoondolewa kwenye kizazi cha sita, kwa modeli ya 2005, wapo waliosema Corvette imetobolewa macho. Kizazi cha saba kilipooneshwa mwaka 2013 taa za nyuma hazikuwa za duara tena, na ikawa kilio kingine. Sasa waliolilia duara mwaka 2013 ndio leo wanaokitetea kizazi cha saba kama Corvette ya mwisho ya kweli.

Siwacheki. Najua ninachokiona, kwa sababu nimeshakiona kwetu.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikusanya na kuandika kanuni ambazo watunzi wengi walikuwa wakizifuata kwa sikio: vina, mizani, beti, kituo. Ilikuwa kazi kubwa ya kulinda kitu. Lakini sheria ikishaandikwa, watu husahau kwamba ilitokana na mazoea ya watu fulani wa wakati fulani, wanadhani ilishuka. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Kezilahabi alipochapisha Kichomi, ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa ukawaka, na neno lililobishaniwa kuliko yote lilikuwa hilohilo moja: shairi. Kisha mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu, akatukumbusha kwamba tungo za Waswahili zina bahari nyingi, na kwamba hilo jina "shairi" wenyewe walikuwa wakiliita umbo moja tu kati ya mengi. Kwa maneno mengine, pande zote mbili zilikuwa zinagombania jina wakati nyumba ina vyumba ambavyo hazijaingia. Hata tarbia, ambayo baba anaiona kama iliumbwa pamoja na lugha, ilipata nguvu yake na watu wake; Muyaka bin Haji wa Mombasa aliikuta nchi tayari imejaa tenzi, akaichukua mistari minne akaitia habari za mjini, za mapenzi, za vita na za njaa.

Nataka kuwa mwangalifu hapa. Ni rahisi sana kutoka kwenye "mila nayo iliwahi kuwa ngeni" ukarukia "basi kila ngeni ni halali". Hilo ni kosa la wanafunzi, nililifanya mimi mwaka 2006. Kwamba Corvette ya 1953 haikuwa na klachi haithibitishi kwamba ya 2020 haiihitaji. Na wa jina wanayo hoja moja nzito, nzito kuliko wanavyoitumia wenyewe. Hoja hiyo ni Porsche 911.

Injini ya 911 imekaa nyuma kabisa, nje ya ekseli ya nyuma. Kwa hesabu ya mzega, hapo ni mahali pabaya; mtu amebeba debe moja, na limening'inia mgongoni. Gari hilo lilioneshwa mwaka 1963, na kwa zaidi ya nusu karne Porsche wamekataa kulihamisha debe. Badala yake wamejifunza kulibeba. Wamelinyoosha, wamepanua tairi, wamebadilisha hata namna injini inavyopozwa, kutoka hewa kwenda maji, na hapo napo watu walilia. Matokeo ni gari lenye tabia ambayo huipati kwingine. Kanuni ngumu imezaa ustadi. Mtunzi wa tarbia atakwambia hivyohivyo: kina kikikubana ndipo unapolipata neno ambalo usingelitafuta. Kwa hiyo anayesema "Corvette ingebaki na injini mbele na kuendelea kujifunza" si mjinga wala mzee wa zamani. Tena kizazi cha saba kilikuwa kimejifunza vizuri: injini mbele ya dereva ila nyuma ya ekseli ya mbele, giaboksi limepelekwa nyuma tangu kizazi cha tano, mzani umekaribia kulingana.

Hoja ni nzuri. Mbona basi haijanishawishi?

Kwa sababu lazima tuulize ni kanuni ipi hasa iliyoibana Corvette ikaifanya iwe Corvette. Kwa 911 ni mahali pa injini; tabia yote ya gari imetoka hapo. Kwa Corvette, ninavyoisoma mimi, mahali pa injini palikuwa desturi tu, maana magari mengi ya Marekani ya enzi hizo yalikuwa hivyo. Kilichoibana kweli ni bei. Corvette ilitakiwa kukimbizana na magari ya Ulaya yenye bei mara mbili na mara tatu ya yake, ikitumia injini isiyo na mbwembwe. Hiyo ndiyo mizani yake. Na injini ya kizazi cha nane kilipooneshwa mwaka 2019 ilikuwa bado ni ileile ya kanuni ya zamani: lita 6.2, shafti moja ya kamu ndani ya bloku, fito zinasukuma vali, vali mbili kwa kila silinda. Ferrari hawautumii ushamba huo. Chevrolet wameubeba mpaka katikati ya gari, na wameweka na nafasi ya mizigo nyuma inayobeba mifuko miwili ya gofu. Gari la mbio lenye nafasi ya mifuko ya gofu! Waitaliano hawawezi kukufanyia hivyo. Huo ni ucheshi wa Corvette mwenyewe, na ndio ulionishawishi kwamba jina halijaibiwa.

Kwa hiyo kama mtu anataka kujua siku ambayo jina litakufa, asiangalie injini ilipo. Aangalie bei, miaka mitano au kumi ijayo. Siku fundi wa mabomba au mwalimu mkuu wa kule, aliyejinyima miaka yote, hawezi tena hata kuipigia hesabu, siku hiyo wa jina watakuwa na haki ya kusema msiliite Corvette, nami nitasimama nao.

Kuna jambo dogo pia kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara. Mwaka 2019 Chevrolet walitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, Corvette ingeundwa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia. Mpaka wakati huo aliyeitaka hivyo alilazimika kuipeleka kwa mafundi waikate na kuigeuza. Bila shaka hawakuifikiria Dar es Salaam wala Nairobi. Lakini wameweka kifaa cha kunyanyua pua ya gari kwenye vikwazo, nacho kinakumbuka mahali hadi 1,000 ili kikifika hapo tena kijinyanyue chenyewe. Elfu moja! Kwa barabara zetu zilivyopandwa matuta, sijui kama kingefika Morogoro kabla ya kumbukumbu kujaa.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumsalimia baba. Nikamwonesha picha kwenye simu, nikamweleza ugomvi wote. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu.

"Injini iko wapi?"

"Katikati, baba. Nyuma ya viti."

"Sasa hiyo nayo ni habari? Ile Noah yangu injini ilikuwa chini ya kiti. Ukitaka kuangalia oili unamwamsha abiria."

Ni kweli. Noah zile za kwanza, TownAce Noah, injini imefichwa chini ya viti vya mbele, na kila aliyekaa pale safari ndefu anaujua moto wake. Toyota Estima ya kwanza, ya mwaka 1990, injini imelazwa chini ya sakafu katikati ya ekseli. Tumekuwa tukipanda magari ya injini ya katikati kwenda misibani na harusini, na hakuna aliyegombana na mtu.

Nikadhani nimempata. Nikamwambia halina klachi. Hapo akavua miwani.

"Sasa mguu wa kushoto unafanya kazi gani?"

"Haufanyi kitu. Umepumzika."

Baba aliendesha malori miaka 31. Goti lake la kushoto limekwisha, na gari analoendesha sasa ni otomatiki. Daktari ndiye aliyeshauri. Anasema halimsumbui. Lakini nimekaa naye mara nyingi, na kila tunapokaribia makutano ya barabara naona mguu ule wa kushoto unashuka, unakanyaga zulia, unasubiri, unapanda. Hajui kama anafanya hivyo, na mimi sijawahi kumwambia.

Wa klachi sina cha kuwajibu. Wa jina nimewajibu, wa sura watazoea, wa bei tutaona. Lakini hawa wamepoteza kitu ambacho hakipimwi kwa sekunde. Mtambo wa klachi mbili unabadilisha gia haraka kuliko binadamu yeyote, na hilo ndilo tatizo lenyewe: kazi imefanywa vizuri na wewe hukuwepo. Ile nusu sekunde ya kukosea, ya kusikiliza injini na kujua sasa, ilikuwa ndiyo sehemu ya dereva katika utunzi. Wanunuzi wa gia za mkono wamekuwa wakipungua, kwa hiyo Chevrolet hawakumwibia mtu yeyote. Walisoma daftari la mauzo tu. Hata hivyo kitu kimeondoka, na anayesema hakijaondoka kwa sababu gari limekuwa na kasi zaidi hajanielewa, wala hajamwelewa baba.

Nilipoaga, baba alinifuata mpaka mlangoni. Akaniuliza kama kile kitu changu nilichomsomea mwaka ule bado ninacho. Nikamwambia ninacho, kimo kwenye simu. Akasema nimsomee tena.

Nikamsomea tumesimama palepale kibarazani. Sasa hivi nakiona kasoro zake nyingi, mistari mingine imelegea kabisa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza hakukiita shairi. Aliniomba tu niurudie mstari wa tatu kutoka mwisho, nami nikaurudia.